Mpimaji wa Unga Mweusi

Katika mtaa ule hakuna aliyehitaji kalenda kujua kwamba Jumamosi imefika. Saa moja na nusu asubuhi, wakati wengine bado wanapapasa ndala ya pili chini ya kitanda, mchi ulikuwa tayari unapanda na kushuka uani kwa Bi Kinu, du, du, du, na vumbi jeusi limeshatua kwenye nyusi zake kama wanja uliopakwa na mtu mwenye haraka. Siku tano za wiki mwanamke huyu alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, akinyoosha kola za watu asiowajua. Siku ya sita alitengeneza unga wa meno, na hiyo ndiyo kazi iliyompa jina.

Unga wenyewe haukuwa na uchawi. Mkaa aliuchagua kwa sikio: aligonga vipande viwili, kinacholia kama kikombe kimepita, kinacholia butu kinarudi jikoni kuchemsha chai. Akaongeza chumvi laini, karafuu zilizosagwa, mnanaa uliokaushwa juu ya kabati, na soda ya kuokea kijiko kimoja. Alikuwa na vitu vingine pia: sabuni ya mshubiri, mafuta ya nazi ya kupaka mwilini, na dawa ya kwapa ambayo mke wa kinyozi aliichukua akamwekea mumewe juu ya mto bila kusema neno. Lakini unga ndio ulikuwa fahari yake.

"Dawa za dukani ni povu tu," aliwaambia wateja. "Povu hata sufuria inalo. Meno yanataka kitu cha kuyashika."

Na watu walimwamini kwa sababu ya kinywa chake. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na meno meupe thelathini yaliyopangana kama askari wa gwaride. Nasema thelathini, si thelathini na mawili, kwa kuwa hayo mawili yaliyopungua yana kisa chake. Alipokuwa na miaka tisa aliugua jino. Shangazi zake wawili wakamkalia, mmoja miguuni mmoja kifuani, na fundi baiskeli wa jirani akaja na koleo lake. Yule bwana aling'oa kwanza jino zima lililokuwa karibu, akalitazama, akasema samahani, kisha akarudi kung'oa bovu. Tangu siku hiyo Bi Kinu hakuwahi kufungua kinywa mbele ya mtu aliyeshika chuma. Alijiapiza kwamba meno yake yatakuwa masafi kiasi kwamba hakuna binadamu atakayepata sababu ya kuyagusa. Kwa hiyo usafi wote ule, ukiukwangua, chini yake unaukuta woga.

Sasa, unga wa mkaa lazima upimwe. Akishapiga chekecheke mara ya kwanza, kwa kitambaa cha pazia kuukuu alichokifunga juu ya bakuli, Bi Kinu alichota unga mkavu kwa ncha ya kidole, kabla haujachanganywa na kitu, akasugua chonge la kushoto na magego yanayolifuata. Alisugua mara kumi na mbili, amefumba macho, anasikiliza. Kama ndani ya kichwa kunalia *kwaru*, unga bado mkali, unarudi kwenye pazia, kisha anapima tena. Mara tatu, wakati mwingine hata mara nne. Kichwa kikikaa kimya, unga uko tayari kwa wateja. Upande wa kulia hakuugusa kwa kupima. Kushoto palikuwa pa kazini, kulia pa nyumbani.

Miaka kumi na mmoja alipima hivyo. Kisha mwaka jana chai ya moto ikaanza kumkatiza sentensi. Baadaye ikawa maji baridi, baadaye upepo tu wa kuvuta pumzi. Siku moja, dukani hakuna mtu, alisogelea kioo ambacho wateja hujitazamia suti zao, akainua mdomo wa kushoto. Chini ya chonge, pale jino linapoingia kwenye ufizi, palikuwa na mfereji. Mfereji wa njano, wa kuingia ukucha. Na gego linalofuata lilikuwa nao, na linalofuata pia.

Akashusha mdomo. Akajiambia ni umri. Hakumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata, ilipofika zamu ya kupima, mkono wake ulikataa kwenda. Ulisimama hewani na unga kwenye ncha ya kidole. Pembeni yake, akiwa ameshika pindo la pazia, alikuwa mjukuu wake wa kike wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Swali kwa sababu hakumaliza sentensi bila kuuliza kitu.

"Swali," Bi Kinu akasema, "unataka kazi ya watu wazima?"

"Kazi gani? Ina sare? Nitaacha shule?"

"Shule huachi. Utakuwa mpimaji wangu."

Mtoto alikaa wima. "Inauma?"

"Mpimaji haogopi," alisema Bi Kinu, na akamtia kidole kinywani.

Basi mtoto akaipenda kazi ile kuliko peremende. Kila Jumamosi alijifunga kitambaa kichwani, akafumba macho kama bibi yake, akasugua, akasikiliza, kisha akapaza sauti mpaka kwa fundi cherehani nyumba ya tatu: "Bado-o-o!" Na baadaye: "Imepi-i-ita!" Watu walicheka. Wateja walisema, huyu mrithi umempata. Bi Kinu naye alicheka, upande wa kulia.

Jumatano moja, asubuhi ya shule, Swali alikunywa maji ya mtungini, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kikombe kilianguka.

"Bibi! Maji yamenichoma."

"Maji baridi yanachomaje wewe?"

"Si ndiyo nakuuliza mimi?"

Bi Kinu alikuwa anamfunga vifungo vya shati la shule. Vidole vyake vilisimama kwenye kifungo cha tatu.

"Upande gani?" akauliza, ingawa tayari alijua.

Mtoto akagusa shavu la kushoto.

Alimpeleka dirishani. Akamgeuzia uso kwenye mwanga, akainua mdomo ule mdogo kwa kidole gumba. Swali alikuwa na pengo mbele na meno mawili mapya ya chini, makubwa kuliko kinywa, kama ya kuazima. Upande wa kulia, meno yalikuwa meupe kama punje za mahindi machanga. Upande wa kushoto, chini ya chonge na chini ya magego mawili, ulikuwepo mstari. Si mfereji bado, ni mstari mwembamba wa njano, kama uliochorwa kwa kalamu. Na nyuma kabisa kulikuwa na gego jipya, pana, ambalo lilikuwa bado linapanda kutoka kwenye ufizi. Nalo juu yake lilikuwa na doa jeupe lisilong'aa.

"Unaona nini, Bibi?"

"Meno."

"Mangapi?"

"Nenda shule utachelewa."

Alimfunga vifungo vilivyobaki vibaya, cha nne kwenye tundu la tano, na mtoto akaenda shule amepinda. Bi Kinu akaketi juu ya kinu chenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Si kwamba hakujua. Hapo ndipo pabaya. Kama hangejua, angelia tu kama watu wanavyolia. Lakini aliujua mfereji ule, alikuwa ameutia ukucha kwenye kioo cha dukani, na siku tatu baadaye akamkabidhi mtoto kazi iliyouchimba.

Kulikuwa na jambo lingine, na jambo hilo lilikuwa kwenye droo.

Mama yake Swali, binti pekee wa Bi Kinu, alikuwa mpishi katika hosteli ya chuo mji mwingine. Kila baada ya miezi miwili alituma kifurushi, na ndani ya kila kifurushi kulikuwa na dawa ya meno ya watoto, yenye picha ya samaki anayecheka. Na kila mara alipiga simu: "Mama, hiyo ni ya Swali, asugue asubuhi na akitaka kulala. Usimpe masizi yako, tafadhali." Bi Kinu alijibu, "Anatumia, mwanangu, anatumia vizuri," huku akifungua droo ya pili ya kabati na kuilaza pamoja na wenzake. Alipoifungua droo ile Jumatano, samaki saba walimcheka kwa pamoja. Wawili muda wao wa kutumika ulikuwa umepita.

Siku hiyo dukani aliunguza kola. Shati jeupe, alama ya pasi kahawia kama ulimi. Mwenye duka, mzee mwenye mdomo mrefu lakini si mbaya, alilinyanyua akalitazama kwenye mwanga.

"Mama, leo limeungua shati au umeungua wewe?"

"Nitalilipia."

"Sijasema habari ya kulipa, nimeuliza hali. Miaka kumi na tisa hujaunguza hata leso."

Alitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno ya kushoto, yakauma, yakarudi.

Alhamisi alimpaka mtoto mafuta ya karafuu kwa pamba. Maumivu yalipoa kwa saa moja kisha yakarudi na hasira. Akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na hilo lilisaidia kidogo, akashukuru, akaanza kujidanganya. Labda ni mafua. Labda ni meno tu yanaota. Kisha jioni, mezani, alimtazama Swali akila mkate. Mtoto alitafuna upande mmoja tu, wa kulia, kichwa kimeinama kidogo, kama ndege anayesikiliza. Bi Kinu akashtuka akiona kwamba na yeye, wakati uleule, alikuwa anatafuna vilevile, kichwa kimeinama vilevile. Mtu angeingia angesema, ama kweli hawa ni damu moja.

Ijumaa hakwenda kazini.

Kliniki ya meno ilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, baina ya duka la rangi na ofisi ya kupiga chapa. Bi Kinu alikuwa amepita mbele ya mlango ule miaka mingi, siku zote upande wa pili wa barabara. Leo alivuka. Mkono wa mtoto kwenye mkono wake ulikuwa mkavu na mtulivu. Wake ulikuwa unateleza kwa jasho.

"Bibi, mbona unanibana?"

"Magari."

"Tumeshavuka."

Kitu cha kwanza kilichomtia kiwewe hakikuwa mashine iliyokuwa inalia nyuma ya pazia, ingawa sauti ile ilimtambaa kwenye uti wa mgongo. Kilikuwa ni harufu. Pale mlangoni alipokewa na harufu ya karafuu. Harufu ya uani kwake, ya makopo yake, ya mikono yake. Alisimama kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu akaikuta picha yake ukutani. Akageuka nusu. Angetoka, wallahi angetoka, kama Swali hakuwa ameshakaa kwenye benchi na kumuuliza mzee mwenye shavu lililovimba kama lile shavu lina mpira ndani.

Waliitwa. Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na ndala za mpira, anaongea huku ananawa mikono.

"Shikamoo, mama. Na huyu mrembo ndiye mgonjwa?"

"Marahaba. Ndiye."

"Shikamoo," Swali akasema. "Kiti hiki kinapanda mpaka wapi? Taa hiyo inaunguza? Wewe meno yako unayatazama nani?"

Daktari alicheka. "Kaa nikuoneshe. Fungua, aaa."

Mtoto alifungua kinywa bila wasiwasi wowote. Bi Kinu alisimama pembeni, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikiona kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda kikiingia, na akawa tena yule mtoto wa miaka tisa aliyekaliwa na shangazi zake. Daktari alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akarudi kulia. Akasogeza taa. Akanyamaza, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote ambavyo Bi Kinu amewahi kuvisikia, maana yeye kwa kazi yake alikuwa mtu wa kusikiliza vimya.

"Mama, huyu mtoto anapiga mswaki na nini?"

"Dawa," alisema Bi Kinu.

"Dawa gani?"

"Ya... yenye samaki."

Swali akatoa kile chuma kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayesogeza kikombe. "Bibi, hiyo ya samaki iko kwenye droo. Mimi natumia unga wetu. Tena mimi ndiye mpimaji." Akamgeukia daktari. "Wajua mpimaji ni nini?"

"Sijui. Nieleze."

Akaeleza. Alieleza vizuri kama anayesoma ubao: mkaa, pazia, kidole, mara kumi na mbili, kwaru. Alionesha kwa kidole. Alitoa hata ile sauti, "Bado-o-o!", na mzee wa shavu nje akasikika akiuliza bado nini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu tena.

"Unao huo unga, mama?"

Kopo lilikuwa ndani ya mkoba. Alikuwa ameliweka asubuhi, hajui kwa nini, labda kwa ajili ya saa hii. Daktari alimwaga kidogo juu ya kifuniko cha plastiki safi kinachong'aa, akatia tone la maji, akasugua kwa kidole mara kumi na mbili. Akapangusa. Akakiinamisha kwenye taa ili Bi Kinu aone.

Kifuniko kilikuwa kimepoteza mng'ao. Kilikuwa na mikwaruzo midogo midogo, mingi, kama sakafu iliyofagiliwa na mchanga.

"Na huu ni uliokwisha kupita, siyo? Huu ndio wa wateja. Mtoto alikuwa anasugua ule wa kabla yake, mkavu, mkali."

"Mara tatu kila Jumamosi," Swali akasema. "Siku nyingine nne."

"Jino lina ganda," daktari akasema taratibu. "Likikwanguliwa halioti tena kama ukucha. Weupe mnaouona siku za mwanzo ni ganda linasuguliwa. Kisha linakuja la njano la ndani, na hilo ndilo linalouma. Na mkaa hauna kile kinacholipa jino nguvu, ile floridi iliyomo kwenye dawa ya meno. Kwa hiyo unalikwangua, halafu unaliacha uchi."

Bi Kinu alikuwa anasubiri neno moja tu, na alikuwa anaogopa kuliuliza.

"Yatang'oka?"

"Haya matatu ni ya utoto. Yatang'oka yenyewe akifika miaka kumi, kumi na mbili, yatakuja mengine. Hapo umebahatika, mama. Sisemi umefanya vizuri, nasema umebahatika." Akagonga gego la nyuma kwa upole. "Ninaloliogopa ni hili. Hili ni la ukubwani. Likipotea hakuna lingine nyuma yake. Limeanza kulainika hapa juu. Nitalipaka dawa ya kulikinga leo, na baada ya wiki mbili tena. Akiacha mkaa, akasugua na ile ya samaki asubuhi na usiku, nadhani tutaliokoa."

"Unadhani?"

"Nadhani. Sitakudanganya."

Wakati daktari anachanganya dawa yake, Swali aliyekuwa chali kitini, macho kwenye taa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa:

"Bibi, kwani wewe uliacha kupima kwa nini?"

Hilo ndilo swali. Bi Kinu alikuwa amelikimbia siku tatu, na miezi kumi nyuma yake. Angeweza kusema macho yamechoka. Angeweza kusema nilitaka kukufundisha kazi. Maneno hayo yalikuwa tayari, yamepigwa pasi, yananing'inia. Aliyatazama, na akamtazama daktari ambaye alikuwa ameacha kuchanganya.

"Kwa sababu niliumwa," akasema. "Meno yangu ya huku yaliliwa. Niliona kwenye kioo. Nikaogopa. Nikakupa wewe."

Swali aligeuza kichwa. "Ulisema mpimaji haogopi."

"Nilisema uongo."

Mtoto hakuuliza kitu kingine. Akarudisha macho kwenye taa, akafungua kinywa, akapakwa dawa yake. Hakuuliza inaitwaje wala inatoka kwa mnyama gani. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua mbili mbele, mkono wake ndani ya mfuko wa sketi, na Bi Kinu akajua kwamba kuna vimya ambavyo hata yeye hajawahi kuvipima.

Alipiga simu mchana huohuo, kabla woga haujampa sababu ya kungoja. Alimwambia binti yake yote. Droo, samaki saba, mkaa, Jumamosi arobaini. Upande wa pili sufuria zilikuwa zinagongana, kisha zikaacha, maana binti alikuwa ametoka nje.

"Mama. Nilikuomba mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ukanijibu anatumia."

"Nilikujibu hivyo."

Akalia kidogo, yule binti, kilio cha hasira, cha mtu anayetaka kurusha kitu na hana. Kisha akajipangusa, akasema kwa sauti ambayo Bi Kinu aliitambua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe:

"Sikiliza. Baada ya wiki mbili unamrudisha. Na wewe unakaa kwenye kile kiti. Usiniambie habari za fundi baiskeli, nimezisikia tangu nazaliwa. Mtoto anafanya unavyofanya, hafanyi unavyosema. Ukikimbia wewe, na yeye siku moja atakimbia. Usipokaa, Mama, nakuja kumchukua. Sikutishi. Nakwambia."

Wiki mbili zile zilikuwa fupi na ndefu. Jumamosi ya kwanza kinu hakikulia, na watu walikuja wenyewe kuuliza nani kafariki. Bi Kinu akapita nyumba kwa nyumba na kapu kuukusanya unga wake. Mke wa kinyozi alirudisha kopo lake akasema, basi ile ya kwapa usiiache, nakuomba, hiyo ina ndoa ndani yake. Bi Kinu akamwambia sabuni, mafuta na kwapa vitaendelea, ngozi si jino. Kuna walionuna. Kuna aliyesema daktari ametumwa na wenye viwanda. Fundi cherehani, mteja wake wa kwanza na mwenye tabasamu jeupe kuliko wote, alikataa katakata kurudisha.

"Jirani, meno yangu yana shida gani? Tazama!"

"Fungua niyaone vizuri."

Fundi akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akatia kidole kinywani na kuyatoa yote, ya juu na ya chini, akaziweka safu zote mbili juu ya mashine ya kushonea.

"Ya bandia," akasema kwa midomo iliyoingia ndani. "Miaka minane. Unga wako unayatoa madoa ya chai, haijapata kuonekana."

Miaka minane Bi Kinu alikuwa akiwaambia wateja wapya: kama hamniamini, tazameni meno ya fundi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu katikati ya kicheko upepo ukampiga chonge la kushoto, na akakumbuka ni siku ngapi zimebaki.

Nyumbani, Swali alikuwa ameanza kusema tena, lakini mambo ya lazima tu. Asubuhi na usiku alitoa samaki mmoja kwenye droo, baada ya kusoma tarehe kwa makini, akakamua kiasi cha punje ya njegere kwenye mswaki wake. Siku ya nne, bila kusema neno, akakamua punje nyingine kwenye mswaki wa bibi yake. Bi Kinu akasugua. Ilikuwa na ladha ya peremende za sikukuu za watoto, na povu likamtoka mpaka kidevuni. Mtoto akamtazama kwenye kioo, akasema, "Polepole. Si sufuria."

Siku ilipofika, Swali alipakwa dawa kwanza. Daktari aligonga lile gego, akalipuliza upepo, akamuuliza kama linauma. Mtoto akatikisa kichwa. "Limeanza kukaza," daktari akasema. "Tutaendelea kulitazama." Bi Kinu akavuta pumzi ambayo alikuwa ameishika wiki mbili.

Kisha kiti kikawa wazi.

Alikitazama. Kilikuwa kiti tu, cha ngozi ya plastiki ya kijani, kimechanika kidogo mkononi na kubandikwa plasta. Masikio yalikuwa yanavuma. Alisikia koleo lile, alisikia samahani ile ya fundi baiskeli. Miguu ilitaka mlango. Akakaa kwa sababu alimwona mjukuu wake anamtazama miguu.

Kiti kikalala. Taa ikaja. Mikono yake ikashika pande mbili mpaka plasta ikabanduka.

"Bibi," sauti ya Swali ikatoka chini, kwenye miguu yake. Hakuweza kufika mkononi kwa sababu ya mashine, kwa hiyo alikuwa amemshika kidole gumba cha mguu, amekikaza. "Unaogopa?"

Bi Kinu alimwona daktari akinyanyua kile chuma chenye ncha iliyopinda.

"Naogopa sana," akasema.

"Haya," Swali akajibu. "Fungua hivyohivyo."

Akafungua.